Bwawa Lisilo na Majike

Watu wa Ugweno hawakuwa walaji wa samaki nilipoolewa kwao, na walinijulisha hilo kabla sijatua mzigo kichwani. Mama mkwe wangu alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa, kisha akachungulia ndani ya mtungi niliokuja nao kutoka Kwakoa. Akaona vitu vinaogelea. Akasema, "Mwanangu, huku kwetu bibi arusi huja na jembe."

Baba yangu, ambaye ndiye aliyenisindikiza, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mvuvi wa ziwa Jipe tangu ujana wake, na kwake binti kuolewa huko juu kwenye migomba, ambako kitoweo ni maharage tangu Jumatatu mpaka Jumapili, lilikuwa jambo la kuhurumiwa. Kwa hiyo alichagua perege kumi na wanne kutoka kwenye kighuba chake cha kuvulia, kilichozungukwa na mafunjo, akawatia kwenye mtungi wa mama. Juu ya maji tulitandaza majani mabichi ili yasirukeruke. Tulipanda mlima tangu alfajiri, na kila tulipovuka kijito tulimwaga maji yaliyopata moto tukaongeza ya baridi. Tisa walifika wazima.

Siku ya pili yake baba na mume wangu walichimba bwawa dogo chini ya ndiva, lile lambo kubwa la ukoo linalokinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Maji yaliyokuwa yakivuja pembeni mwa ndiva, ambayo hayakuwa kwenye zamu ya mtu yeyote, tuliyaelekeza kwenye bwawa letu. Baba alichuchumaa ukingoni akanionyesha kila kitu. Dume huchimba kisahani kwenye tope akamwita jike. Jike hutaga mle, halafu huyaokota mayai yote na kuyaweka mdomoni, na humo huwalea watoto mpaka waweze kuogelea. "Ukimwona taya limevimba na hali kitu, usimguse," aliniambia. "Ana njaa kwa ajili ya wanawe." Mama mkwe aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama nyuma yetu na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tangu siku hiyo akawa anakuja bwawani peke yake, akidhani simwoni.

Baba alifariki masika yaliyofuata. Homa ilimchukua kwa siku nne, na mimi nilipata habari akiwa ameshazikwa. Kighuba, wavu na mtumbwi vilibaki kwa kaka yangu, kama ilivyo kawaida. Mimi nilibaki na wale samaki. Wakati huo walishazaliana, na nilipokuwa nawarushia mabaki ya makande niliwahesabu kama mtu anayehesabu ndugu. Sioni haya kusema kwamba niliongea nao kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu pale mlimani walisema Kigweno, na Kipare changu cha nyika kiliwachekesha.

Taratibu watu wakaanza kuomba. Kwanza mwalimu wa shule ya misheni, halafu jirani, halafu fundi cherehani aliyekuwa mzee wa kanisa. Sikuwauzia. Sisi mtu akitaka kumwinua mwenzake humpa mbuzi jike akae naye, na akizaa, watoto hugawanywa. Nilifanya hivyo hivyo kwa samaki: majike wawili na dume mmoja kwa kila nyumba, na uzao wa kwanza nusu wangu, ambao nao niliupeleka nyumba nyingine. Baada ya miaka minne, mabwawa yalikuwa kumi na moja kwenye mfereji mmoja unaoshuka kutoka kwenye ndiva, na samaki wote walikuwa wa baba yangu. Niliyeitwa yule wa nyika sasa nilikuwa naamkiwa shikamoo na wanawake walionizidi umri kidogo. Naitikia marahaba, moyo unapaa. Nilikuwa na kiburi, nakubali.

Mwaka wa tano samaki wakadumaa. Waliokuwa wakijaa kiganja wakawa wa kidole, na kidole chenyewe chembamba. Leo najua walikuwa wengi mno kwenye maji haba, tena nilikuwa mwoga wa kuwavua. Wakati ule nilijua mbuzi tu. Na mfugaji yeyote wa milima hii atakwambia kundi likidumaa kosa ni la beberu: amezeeka, anapanda binti zake, damu imechoka. Dawa ni kumwondoa na kuleta beberu mgeni kutoka mbali. Hakuna aliyenishawishi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelisema, tena kwa sauti, mbele ya watu, baada ya ibada.

Serikali ya Mwingereza wakati huo ilikuwa na bwana samaki, kama ilivyokuwa na bwana shamba na bwana afya. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, kijana wa kaptula na soksi ndefu, anakuja kutoka bomani Same kwa lori mpaka barabara inapoishia, kisha anapanda kwa miguu huku wapagazi wamebeba madebe. Aliposikia shida yetu alifurahi sana. Alikuwa na perege wa pwani, madume weusi wenye midomo minene, kila mmoja kama unyayo wa mtu mzima. Aliniuliza nataka wangapi. Nikasema, "Wa kututosha mabwawa yote, bwana samaki."

Niliwavua madume wa baba yangu mmoja mmoja kwa tenga. Sikubakiza hata mmoja, maana beberu mzee akibaki zizini atapigana na mgeni. Nikawakaanga. Siku hiyo hata mama mkwe alikula, mara yake ya kwanza, akalamba vidole na kusema kumbe miaka yote hii alikuwa akijinyima bure. Tulicheka. Nikikumbuka kicheko kile naona aibu kuliko mambo mengine niliyoyafanya baadaye, na baadaye nilifanya makubwa.

Nyumba tisa zilinifuata. Kama mwenye mbegu amebadili, wao ni nani? Aliyekataa ni fundi cherehani peke yake. Alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na ukimpelekea nguo ya kupunguza alikusema kwa kunenepa na kwa kukonda vilevile. Alisimama nje ya kanisa akasema samaki wa Jipe Mungu alimweka Jipe na wa pwani alimweka pwani, na mtu asijifanye kumsaidia.

Mume wangu akamjibu, "Na kahawa unayochuma, fundi? Nayo Mungu aliiweka Ugweno?"

Watu walicheka sana. Fundi hakucheka. Alinitazama mimi, si mume wangu, akasema, "Mama, wewe ulinipa samaki wa baba yako. Sasa unanipa wa nani?"

Nikamdharau. Ndiyo desturi yangu nikikosa jibu.

Na mwanzo alionekana mjinga kweli. Wale chotara, watoto wa madume wa pwani na majike wetu, walikua haraka mno. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakubwa kuliko baba zao, wanene, wenye nguvu, wakirukia chakula mpaka maji yanakurukia usoni. Mume wangu alikuwa anawaleta wageni bwawani kama anawaonyesha ng'ombe wa mahari. Waliokuwa wakisita walinyamaza. Fundi alibaki na samaki wake wembamba kama vidole kwenye bwawa lake, chini kabisa ya mfereji.

Wakati huo ndipo kaka yangu alipokuja kutoka Kwakoa, na mtungi uleule wa mama, ambao baba alirudi nao, safari hii umejaa samaki wakavu kwa ajili ya watoto. Kwetu chombo kilicholeta kitu hakirudishwi kitupu. Ni tusi. Ukiwa huna kitu kabisa utatia hata majani ya chai au konzi ya maharage, lakini hakitoki hivi hivi. Nilikuwa na ndizi, nilikuwa na kahawa. Nikawaza, kwa nini nisimrudishie kilekile alichonipa baba, kikiwa kimekua? Nikatia chotara wachanga kumi na wawili, waliochangamka kupita wote, na majani mabichi juu ya maji. Kaka alifika nao salama. Akawamwaga kwenye kighuba cha baba, na wiki mbili baadaye alinitumia salamu kwamba wamezama kwenye mafunjo kama waliokuwa wakipajua. Niliposikia nililia kwa furaha. Nilidhani nimelipa fadhila ya baba.

Masika yale mvua ilipita kiasi. Ndiva ilifurika, mabwawa yetu yakafurika, na kila kilichokuwa juu kikashuka na mfereji mpaka kwa fundi. Maji yalipopungua alikuta vichwa vyeusi vinazungukazunguka katikati ya samaki wake. Alijaribu kuwatenga. Kwa siku tatu alisimama majini, suruali imekunjwa mapajani, miwani puani, akiokota mmoja mmoja, na watoto wa shule wakimtazama. Wakubwa aliwajua. Wadogo hakuwajua. Siku ya nne aliuvunja ukingo wa bwawa lake mwenyewe, akakausha lote, akawaacha wote wafie kwenye tope, wake na wetu.

Jumapili hiyo hakunisalimia. Alisema mbele ya watu kwamba nimeharibu kitu nilichokabidhiwa, na kwamba baba yangu angenijua asingechoka kupanda mlima. Nilijibu kwa maneno ambayo mwanamke hamwambii mzee wa kanisa. Ugomvi ukawa wa kijiji kizima. Wengine walisema chotara watupwe tuanze upya, wengine wakasema samaki ni samaki, tumbo haliulizi ukoo. Mume wangu, katika kunitetea, ndiye aliyenichoma kuliko wote. "Basi na watoto wetu tuwatupe," alisema. "Mama yao wa nyika, baba yao wa mlimani, wanaongea lugha ambayo si ya huyu wala si ya yule. Mbona ni wazima?"

Watu walipiga makofi. Lilikuwa jibu zuri, hata leo naliona zuri. Lakini nilikwenda nyumbani nikiwaza kwamba kweli wanangu hawajui hata wimbo mmoja wa nyumbani kwetu, na kwamba sijawahi kuwafundisha, na nikakaa jikoni bila kuwasha moto.

Kiangazi cha mwaka uliofuata ndipo nilipoona visahani. Sakafu ya bwawa langu ilijaa visahani, vimepangana mpaka hakuna pa kuweka mguu. Kila dume alikuwa amechimba chake, anakisafisha, anakilinda, anamfukuza mwenzake, anarudi kusubiri. Nikatafuta jike mwenye taya lililovimba. Nikatafuta wiki ile, na iliyofuata. Majike wa zamani, wale wa damu ya baba, walikuwa wadogo kati ya majitu yale. Wengine tuliwala bila kuangalia, wengine waliliwa na korongo, wengine walijifia kwa uzee. Sikuona hata mmoja. Nikapita mabwawa yote ya mfereji. Kila mahali visahani, na kila mahali madume wanasubiri.

Mama mkwe, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, aliniuliza kama watoto wa samaki wameshatoka midomoni. Nikamwambia bado.

Bwana samaki alipokuja nilimsihi atazame. Alivua kumi, akawapasua juu ya jani la mgomba, akanionyesha ndani kwa ncha ya kisu. Dume. Dume. Dume. Akavua wengine kumi. Hakushtuka. Alisema hutokea mara nyingine damu hizi mbili zikikutana, uzao unakuwa wa madume tu, au karibu wote. Ni wazuri kwa kitoweo, alisema, hawajazi bwawa kwa watoto. Nikamuuliza mbegu je.

"Mtakuwa mnaletewa kutoka Same, mama," alinijibu kwa upole. "Hamna haja ya mbegu."

Nilitaka kumpiga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipa habari njema kwa jinsi alivyoelewa. Alipoondoka nilikaa ukingoni nikiwatazama wale samaki wazuri, wanene, wenye bidii, kila mmoja amejenga nyumba ya mke ambaye hatakuja, na aliyewafanya hivyo ni mimi. Sijawahi kuwa na saa mbaya kuliko ile. Hata msiba wa baba haukunikata hivyo, kwa sababu baba aliuawa na homa.

Lilibaki ziwa. Nilijiambia ziwa halidumai, halikauki kwa sababu ya ujinga wa mwanamke mmoja. Niliposhika njia ya kwenda chini nilimkuta fundi akifukua mfereji karibu na bwawa lake tupu. Miaka karibu miwili hatukuwa tumesemeshana. Aliuona mtungi niliojitwika, akajua ninakokwenda, akasogea pembeni nipite. Alisema tu, "Nenda salama, mama." Nilitembea nyanda zote za Kwakoa nikiwa na neno hilo.

Kaka alinipokea kwa furaha na asubuhi tukatoka kwa mtumbwi wa baba kwenda kighubani. Akavuta wavu akaumimina miguuni pangu. "Chagua, dada," alisema. "Unawajua kuliko mimi."

Nilichukua wa kwanza. Alikuwa na mkia wa kwetu, wenye ukingo mwekundu, na mdomo mnene wa pwani. Wa pili alikuwa mweusi mpaka tumboni. Wa tatu nilifikiri ni yeye, perege wa baba. Nilimgeuza, nikamgeuza tena, nikamtazama kwenye jua, na kila nilipomtazama nilizidi kujua kwamba sijui. Wale kumi na wawili niliowatuma kwenye mtungi walikuwa madume, na huku walikuta majike tele. Kaka alikuwa akinisimulia kwa bashasha jinsi samaki walivyonenepa siku hizi, kwamba hata wachuuzi wanakisifia kighuba cha marehemu. Alikuwa ananishukuru. Nilimwomba tujaribu upande mwingine, mbali, kwenye mafunjo mazito. Huko nako nilishika samaki na kushindwa kuapa. Labda walikuwepo walio safi. Labda wapo hata sasa, mahali fulani ziwani. Lakini mimi niliyekuwa najidai kuwahesabu kama ndugu sikuweza kumtambua ndugu hata mmoja.

Kaka akauliza kama nimepata ninaowataka. Nikachagua kumi na wawili, majike tisa na madume watatu, wale waliokaribia kufanana na wa baba. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, kwamba salamu yangu ndiyo iliyomharibia urithi?

Nilipanda mlima peke yangu, nikimwaga maji ya moto na kuongeza ya baridi kwenye kila kijito, kama mtu mwenye mzigo wa maana. Nilipofika kwenye ule mfereji fundi alikuwepo. Alikuwa amelijaza bwawa lake upya, maji yametulia, ukingo umepigwapigwa vizuri kwa jembe. Nadhani alikuwa akingoja tangu nilipoondoka. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akainama juu ya mtungi. Alitazama muda mrefu, na macho yake, nilijua, hayakuwa na uwezo wa kuona nilichokiona mimi.

"Hawa ndio wenyewe?" aliniuliza. "Wa baba yako?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemtukana mbele ya kanisa naye alikuwa na haki. Nyumba tisa zilikuwa zinanisubiri huko juu na swali hilohilo.

"Ndio wenyewe, mzee," nilisema.

Alisimama wima, akavua kofia, akaniomba radhi kwa kila neno alilopata kunitamkia, moja baada ya jingine, maana alikuwa ameyashika yote. Nikampa majike wawili na dume mmoja kwenye kibuyu chake. Akaondoka nao kwenda kuwamimina bwawani, mkono mmoja ukiwa umeziba mdomo wa kibuyu, akitembea polepole ili maji yasimwagike.